Sita Mpaka Mama Arudi

Nyumbani, tarehe 2 Februari

Nyundo, mwanangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini barua yako ikija itakuwa na shikamoo ndani, kwa hiyo naitikia mapema nisije nikasahau. Mimi mzima. Magoti yanalia kama springi za kochi la rahisi, lakini nani amhurumie fundi makochi? Umri wangu wote nimewatengenezea watu mahali laini pa kuweka makalio, na yangu mwenyewe nayaweka juu ya ndoo.

Huko mlikopelekwa kulinda amani simu mmekatazwa, na barua zinasafiri na lori la chakula pamoja na viazi. Haya. Nakuandikia kwa njia ya viazi kumshtaki mume wako.

Siku ile unaondoka ulituachia maagizo kama mtu anayeacha ng'ombe kwa jirani. Mtoto alale mapema. Baba asivute sigara sebuleni. Bomba la jikoni lifungwe kwa nguvu. Na la mwisho ukalisema mlangoni, umeinama unafunga kamba za buti, hata hututazami: "Kiroboto wangu asitimize miaka saba mpaka nirudi. Hiyo siku mniwekee." Mimi nilidhani ni maneno ya mtu anayeondoka, na maneno ya mtu anayeondoka huwa hayana mguu. Kumbe mume wako ameyashika kama sheria! Ndiyo matatizo ya kuolewa na mkaguzi wa mizani. Mtu ambaye kazi yake ni kuzunguka sokoni kuhakikisha kilo ya muuza nyanya ni kilo kweli, ukimwambia "subiri", anasubiri mpaka mshale utulie katikati.

Basi tarehe kumi Januari imepita humu ndani kimyakimya, kama mgeni aliyekosea nyumba. Hakuna keki, hakuna wimbo, hakuna hata kuchinja muhogo. Mwalimu akamuuliza mtoto, "Sasa una miaka mingapi?" Akajibu, "Sita. Saba yangu iko kabatini, mama anakuja kuitoa." Mwalimu akanitazama mimi kama vile mimi ndiye kabati.

Sasa sikiliza mkasa. Mkaguzi kaona mtoto amenywea, naye mwenyewe amenywea, akaamua tuwe tunatunga sikukuu zetu. Kila Jumamosi, sikukuu! Tena ana masharti: lazima kitu kitengenezwe kwa mikono, na lazima kila mtu avae kofia aliyoitengeneza. Tumekuwa na Sikukuu ya Soksi Zilizofiwa na Wenzake. Tumekuwa na Sikukuu ya Vifungo. Juzi ilikuwa ya Nyayo, watu wazima wanapaka miguu rangi ya buluu na kukanyaga makaratasi. Nimekutumia uone ujinga wenyewe. Ule mguu mdogo ni wa mwanao. Ule mrefu kama mtumbwi ni wa mumeo. Ule wenye kidole kilichopinda sijui ni wa nani. Pengine mtu alipita.

Na mkasi wangu, Nyundo! Mkasi wangu wa kukatia kitambaa cha makochi, ambao hata wewe ulikua hujaruhusiwa kuupumulia, nimemkuta nao anakata katoni ya sabuni. Katoni! Nilishika ukuta.

Sema neno moja tu. Tumpe mtoto miaka yake, tule keki, yaishe, na huyu bwana arudi kwenye mizani yake.

Ni mimi baba yako,
fundi makochi mstaafu (aliyestaafishwa na magoti, kichwa bado kinafanya kazi)


Kambini, tarehe 17 Februari

Shikamoo Baba,

Hicho kidole kilichopinda nilikidondoshea nyundo mwenyewe nikiwa na miaka mitano, na ndiyo sababu mpaka leo unaniita Nyundo. Usinifanye mjinga.

Nyayo nimezibandika juu ya kitanda changu, kwenye ukuta wa kontena tunalolala wanawake wanne. Ule mguu wa Kiroboto uko usawa wa macho yangu nikilala. Mpishi wa kikosi, mwenzangu wa kitanda cha juu, kila asubuhi anaupa mkono. Anasema haujambo.

Huku kazi ni vumbi. Malori yanakula vumbi na kutema vumbi, mimi niko chini yake na spana nalimeza linalobaki. Nikioga maji yanatoka rangi ya chai. Kwetu huku hakuna Jumamosi, Baba. Kila siku ni Jumatatu iliyovaa nguo nyingine.

Kuhusu saba, hapana. Nimeacha kumsuka nywele, nimeacha kumwona akijifunza kusoma, hata kelele zake za asubuhi nimeziacha. Kitu kimoja tu nimeomba niwekewe. Nyie mna sikukuu kila wiki, mpaka vifungo vina siku yao, na mimi mnanibania moja! Mwezi wa nne wa kurudi si mbali. Mkaguzi amefanya vizuri kunitii, na wewe ungemwiga.

Mkasi pole.

Mwanao,
Nyundo


Nyumbani, tarehe 5 Machi

Nyundo,

Umenijibu kama sajini. Nimesimama wima mpaka nikakumbuka mimi ndiye niliyekutawaza.

Haya, saba ikae kabatini ishikane na nondo. Lakini lazima nikueleze mateso yangu, maana nisipokueleza wewe nitamweleza muuza mkaa, na yeye ana masikio mabovu, nitaishia kupiga kelele barabarani.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na Sikukuu ya Sufuria Lililoungua. Mkaguzi aliunguza maharage, na badala ya kuona aibu kama mwanamume mwenye akili, akalisimamisha sufuria katikati ya meza, akalivalisha ua la karatasi, akatamka hotuba. Kiroboto alicheka mpaka akaanguka kwenye kiti. Mimi nilikuwa nimevaa kofia imeandikwa SABUNI YA UNGA. Mwenye nyumba akaingia kudai ufunguo wa geti, akanikuta hivyo. Alirudi kinyumenyume.

Na sasa ameanza blanketi. Anasema ni blanketi la kukupokea. Amevamia gunia langu la vipande vya kitambaa, vile nilivyoweka tangu enzi za karakana: mahameli ya makochi ya hakimu, ile nyekundu ya viti vya kinyozi, mistari ya kochi la mwalimu mkuu ambalo halijawahi kuisha kulipwa. Mtu anashona, Nyundo, utadhani sindano inamkimbia! Mshono unaanza mashariki, unazunguka, unakwenda kusalimia ndugu zake kaskazini, unarudi umechoka. Mtu anayepima gramu sokoni, kwenye kitambaa hajui kushoto. Siwezi kuvumilia. Akienda kazini nafumua kila alichoshona, nashona upya kwa mshono wa kiume, nakunja vilevile alivyokikunja. Jioni anarudi, anakinyoosha, anasema, "Mzee, naona mkono wangu unazidi kutulia." Usimwambie. Mwanaume akivunjwa moyo kwenye sindano hapati tena wa kumwunga.

Kiroboto ni mzima, anakula kama nzige. Amezusha mchezo wa kuchechemea. Nikamuuliza, "We, umeumia?" Akasema, "Naiga mwendo wako, Babu." Nimecheka, ingawa kuna adabu imepotea mahali.

Baba yako,
mfumuaji


Kambini, tarehe 22 Machi

Shikamoo Baba,

Natumai hamjambo. Sisi hatujambo. Nimebadilisha gia za malori mawili wiki hii. Mvua imenyesha kidogo.

Mwambie Kiroboto nampenda. Kwa sasa msimtajie tarehe yoyote.

Mwanao,
Nyundo


Nyumbani, tarehe 4 Aprili

Nyundo,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani, nikidhani labda maneno mengine yameandikwa kwa kalamu hafifu.

Mimi shule niliishia darasa la nne, baada ya mimi na mwalimu kutoelewana kuhusu kugawanya. Lakini nimefanya kazi ya makochi, na nikwambie kitu kuhusu makochi. Mteja akiwa na tundu analolionea aibu, huliwekea mto juu. Anakukaribisha, anatabasamu, anasimama karibu na ule mto. Fundi anafanyaje? Anainua mto. Hebu niinulie mwenyewe, nisichafue mikono. Mwezi wa nne ndio huu, tumeuingia. Hukuutaja. Umenitajia mvua.

Kama hamrudi, sema hamrudi. Mumeo ameshasafisha kabati lako la nguo na kuliwekea sabuni ya harufu. Anapiga mluzi akipiga pasi. Mtu asipige mluzi bure.

Na kama hamrudi, basi yule mtoto umemfungia kwenye friji. Wenzake darasani wote wametimiza, na yeye ndiye mrefu kuliko wote, suruali zimepanda mpaka zinaonyesha ugoko, lakini akiulizwa anasema sita. Wanamwita "Sita" kama jina. Mfungulie, Nyundo. Siku moja tu ya keki. Ukirudi tutaifanya tena, nani ametukataza? Watu wanaosherehekea sufuria wataona haya kurudia?

Baba yako


Nyumbani, tarehe 6 Aprili

Mke wangu,

Naona Mzee anakuandikia kunishtaki, nami sijawahi kukwambia upande wangu. Naomba mzani usome sawa.

Sikukuu hazikuwa zangu. Jumamosi ya kwanza baada ya tarehe kumi Januari, mimi na Kiroboto tulikaa mezani tunatazamana. Babu yake akatoka chumbani na soksi moja kichwani. Akasema ile nyingine imefariki, na kwa kuwa humu ndani hakuna anayejua kulia vizuri, basi tuifanyie sherehe. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayetunga. Jumatano anaanza kuniuliza, "Mkaguzi, Jumamosi yako unaleta ujinga gani?" halafu ananipa huo ujinga. Sheria ya kofia ni yake. Katoni alikata yeye, kwa mkasi uleule, akaona nimemwona, akaanza kunigombeza mimi.

Blanketi najua analifumua. Mimi nilishona sare zangu mwenyewe miaka minne chuoni, mshono wangu hauna kasoro. Lakini Mzee alipoacha karakana alikuwa anakaa kwenye ndoo mchana kutwa, mikono mapajani. Sasa nashona ovyo kwa makusudi, na inachosha kweli, kushona vibaya kunataka akili. Jioni namkuta ana uzi mdomoni na shavu lina rangi. Usimwambie.

Mwezi wa nne umefika. Sikuulizi. Najua ungejua ungesema.

Wako,
Mkaguzi


Kambini, tarehe 20 Aprili

Shikamoo Baba,

Haya, mto huo nauinua. Kikosi cha kutupokea zamu hakijaja. Walituambia mwezi wa nne, kisha mwezi wa sita, sasa wanasema tusiulize. Mpishi anasema mwezi wa nane. Mpishi hajui lolote, ila yeye ndiye anayepewa hesabu ya viazi, na viazi vimeagizwa mpaka mwezi wa nane. Nilishindwa kuandika. Kila nikiandika "bado" mkono unakataa.

Lakini hilo la friji limeniudhi, Baba, na nitakwambia bila shikamoo ya pili. Mimi sikumfungia mtoto popote. Nimeomba siku. Unajua nini kinatokea huku? Mwenzetu mmoja alipata picha za mwanawe, akazitazama, akauliza, "Huyu nani amemshika mke wangu mkono?" Kumbe ni mtoto wake, amerefuka. Alicheka nasi, halafu akaenda kukaa chini ya lori bila spana. Mkimfanyia saba bila mimi, nitarudi nikute mtoto wa watu ananiamkia kwa adabu. Sitaki adabu. Namtaka niliyemwacha.

Yule wa nyayo juu ya kitanda changu ana sita. Acheni hivyo. Na naomba hiyo ndiyo iwe barua ya mwisho kuhusu keki.

Halafu, soksi kichwani? Nani mjinga humo ndani, Baba?

Nyundo


Nyumbani, tarehe 4 Mei

Nyundo,

Hii si kuhusu keki. Leo sina utani, unisamehe, nimeutafuta haupo.

Jana tulikuwa na Sikukuu ya Viatu Vinavyong'aa. Kila mtu alete viatu vyake, tuvipige kiwi, tuvipange dirishani. Ndiyo, ni mimi niliyeitunga, huyo mkwe wangu wa maneno mengi ameshakwambia. Kiroboto akasema vyake havihitaji kiwi. Nikasema sikukuu haina msamaha, lete. Akakaa juu ya miguu yake. Nikamvua kwa nguvu, natania, naimba.

Vidole vilikuwa vimekunjwa ndani kama mtu aliyelala kwenye sanduku. Ukucha wa kidole gumba umekuwa mweusi. Kisigino nyama nyekundu. Ule mchezo wa kuchechemea, kumbe hakuwa ananiiga.

Viatu ni vilevile alivyovaa siku unaondoka. Baba yake alimnunulia vipya shule zilipofunguliwa, na kila siku akimwona anatoka alidhani ndivyo hivyo, maana vinafanana rangi. Vipya tumevikuta chini ya kitanda, kwenye boksi, na karatasi zake. Ndani ya boksi mlikuwa na jino. Lilidondoka mwezi wa pili, hakumwambia mtu. Pengo nimekuwa nikiliona, nikadhani baba yake analijua. Baba yake akadhani mimi nimeshamfanyia mambo ya jino.

Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu polepole, kama mtu anayemweleza mzee asiyesikia: "Nikivaa vikubwa nitakuwa nimekua. Na mama alisema nisikue mpaka arudi. Nikikua ataniona nilishindwa kusubiri."

Mumeo akaingia bafuni akafungulia maji. Hakuoga.

Tumempaka dawa. Vile vibovu nimevikata vipande kwa mkasi wangu, mbele yake, asije akavirudia. Vipya hataki hata kuviona. Nimembembeleza, nimemtisha, nimemwambia mimi ni mkubwa wa mama yake na neno langu linapita. Akaniambia, "Lakini si wewe uliyesema." Kesho shule, na hana cha kuvaa anachokubali. Anatembea nyumba nzima peku, vidole juu, kama anayekanyaga sakafu ya kuazima.

Sikulaumu. Sote tulisikia agizo lile mlangoni na hakuna aliyejiuliza yeye amelisikiaje.

Nimemsimamisha juu ya karatasi alipokuwa amelala nusu, nikaupitishia mguu wake penseli. Karatasi ndiyo hii. Usiisome, haina maandishi. Ibandue ile ya buluu ukutani, ulaze hii juu yake.

Baba


Kambini, tarehe 19 Mei

Shikamoo Baba,

Nimeilaza.

Vidole vyote vitano vimetoka nje ya ile rangi ya buluu. Nimelala miezi yote hii natazama mguu ambao haupo tena.

Nilikaa chini ya lori bila spana. Mpishi akaja akakaa na mimi, halafu akaniambia, "Sasa utafanya nini, utalala humo?" Nikatoka. Kulikuwa na tairi la akiba lililopasuka ubavu, limekaa nyuma ya karakana. Nimekata soli mbili kwa kisu cha jikoni cha mpishi, nimekiharibu, amenitukana mpaka ukoo. Mikanda nimetoa kwenye tyubu. Nimepigilia kwa misumari midogo na kuikunja kama ulivyonifundisha, ili isichome. Nimepitisha kidole kila mahali.

Sikuzikata kwa karatasi yako, Baba. Nimezikata kubwa zaidi. Safari hii namtangulia mimi.

Jioni wenzangu waliuliza nashona nini, nikawaambia. Wakasema, kwenu watu wakitengeneza kitu kwa mikono si lazima kofia? Basi tumekula viazi tumevaa maboksi ya chujio za mafuta ya injini, kontena zima, na mpishi akapewa kofia ya kamanda kwa ajili ya kisu chake. Ilikuwa Jumanne. Imekuwa Sikukuu ya Tairi Lililopasuka. Sikuwa nimecheka hivyo tangu nije. Kwa hiyo ujinga wenu unaambukiza, na sasa nami sina wa kumshtaki.

Barua ya ndani ni ya Kiroboto. Msomeeni kwa sauti, asimame wima.

Nyundo


(ya ndani)

Kiroboto wangu,

Huku jeshini agizo likiwa baya, babu hawezi kulifuta wala baba hawezi kulifuta. Analifuta aliyelitoa. Mimi nililitoa, nikiwa nimeinama nafunga buti, na mtu hatakiwi kutoa maagizo akiwa ameinama. Leo nimesimama, nalifuta.

Hukushindwa kusubiri. Ulisubiri mpaka ukaumia, na hilo sikukuomba, na usinifanyie tena.

Kuanzia hapa uliposikia, una saba. Ilikuwa yako tangu Januari. Nyingine zote zikija, zichukue palepale, usiniwekee. Na meno yakidondoka, mwambie mtu.

Hizi ndala ni tairi la lori langu mwenyewe. Zitakuwa kubwa kidogo. Zijaze.

Mama


Nyumbani, tarehe 10 Juni

Nyundo, mwanangu,

Marahaba zote mbili, na ile ya barua ya hasira ambayo sikuiitikia.

Kifurushi kilifika Ijumaa. Mkaguzi alisoma barua, mtoto kasimama wima, mikono ubavuni. Alipofika kwenye "una saba" Kiroboto hakuruka, hakupiga kelele. Aliuliza, "Soma tena hapo." Akasoma tena. "Tena." Mara ya nne Mkaguzi akanisukumia karatasi, nikamalizia mimi, bila miwani, kwa kukumbuka. Ndipo akanyoosha mguu avalishwe.

Keki Mkaguzi aliipima kila kitu kwa mizani ya kazini, na bado ikazama katikati kama kochi la baa. Tukaigeuza juu chini, tukalijaza tundu matunda. Mwalimu alikuja, mwenye nyumba alikuja akiwa amejitengenezea kofia yake mwenyewe, wala hakuna aliyemwambia.

Sasa nije kwenye malalamiko, usidhani nimepona.

Kwanza, mumeo ni mnafiki. Kifungo cha shati lake la kazi kilikatika, nikamwona kwenye tundu la mlango anakishona. Mshono umenyooka kama reli! Nimefumua blanketi lile karibu lote, vidole vimeota sugu upya, kumbe naonewa! Sijamwambia kuwa najua. Leo kashona kipande cha ile mahameli ya hakimu kama mlevi anayetafuta mlango, akaniuliza, "Mzee, unaonaje?" Nikamwambia, "Unazidi kuiva." Kesho nakifumua. Mnafiki mkubwa.

Pili, mwanao ameshaanza kudai nane. Ndala zinampwaya kwa mbele, na hoja yake ni kwamba mama hawezi kukosea kipimo mara mbili, kwa hiyo huo mwaka uliobaki mbele ya vidole ni wake na auchukue sasa. Mwambie kitu. Mimi darasa la nne, siwezi kubishana na mtu wa hivyo.

Tatu, kelele. Pa! pa! pa! kutoka jikoni mpaka chooni, tangu kunapokucha. Viatu vya shule, vile vya kwenye boksi, anavaa shuleni bila ugomvi. Akirudi tu anavitupa, pa! pa! pa! Hakuna usingizi wa mchana wa mzee katika nyumba hii.

Halafu kuna uani. Mvua ilinyesha kidogo juzi, udongo ukalainika, na yeye anazunguka nyumba mchana kutwa na zile soli zako. Uani pote pamejaa alama za tairi. Zimeingia getini, zimezunguka ndoo yangu, zimepita chini ya kamba ya nguo, zimesimama mlangoni pa jikoni. Ungesema lori lako limekuja, likageuza, likaegeshwa.

Mkaguzi akaniambia, "Mzee, uani pachafu, si ufagie?" Nikamwambia afagie mwenyewe, ana mikono. Akachukua ufagio, akasimama nao mlangoni, akapatazama, akaurudisha nyuma ya mlango.

Mpaka leo hakuna aliyefagia.

Baba yako,
fundi makochi (nimefuta "mstaafu")